Usianze na Anayepiga Kelele

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Baada ya salamu, mimi mzima, presha ni ile ile ya siku zote, na dadako naye hajambo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Kila nikifika penyewe, unasema mtandao unakatika.

Nianze na jibu la lile uliloniomba, kwamba nitoe hati ya shamba na nikukopee ili ulipe madeni ya duka lako la vifaa vya ujenzi lililokufa, usije ukapekua kurasa zote hizi ukilitafuta. Hati ya shamba haitoki sandukuni. Haiendi benki, wala haiendi kwa huyo jamaa yako anayekopesha watu kwa kushika hati zao. Na mimi sichukui mkopo wa Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, kwa jina langu ili nikulipie madeni. Nakuhurumia, Mungu shahidi. Lakini deni likilipwa kwa deni limehama nyumba tu, na nyumba unayotaka lihamie ndiyo wanayoishi wanao kila shule zikifungwa.

Nilikaa kwenye kamati ya mikopo ya Sacco nikawaona waliotia ardhi rehani. Sheria yetu ya Kenya inawapa muda: notisi ya siku 90 ya kurekebisha malipo, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali naye anatoa siku 45 za kukomboa. Ukizijumlisha unaona karibu nusu mwaka, unasema Mungu atafungua mlango. Wengi niliowaona waliutumia muda huo wote kungoja, na siku ya mnada walikuja wamevaa vizuri kana kwamba wamealikwa. Hapana, baba. Minazi ya babako iache ilivyo.

Sasa tuje kwenye orodha yako. Nimeipenda, maana mtu aliyefilisika huwa hataki kuandika. Benki 620,000 zilizobaki baada ya pikapu kupigwa mnada. Sacco 280,000. Mwenye simiti 190,000. Kodi ya stoo 75,000. Mikopo ya simu, ukiikusanya yote, 64,000. Yule kijana aliyekuwa akikubebea mizigo, mshahara wake 18,000. Mama wa mahamri aliyekuwa akiwalisha dukani, 7,000. Jumla ni 1,254,000. Nimehakikisha kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari yenu.

Ila orodha ina pengo. Dhahabu ya mkeo iko wapi? Mkufu na zile bangili nne alizopewa kwa mahari sijaziona mkononi mwake tangu Idi, na yeye hajasema neno, wala mimi sikumuuliza mbele za watu. Mahari ni mali yake, si mtaji wa duka. Kama aliitoa kwa hiari, ni hisani aliyokufanyia, na kama ulimkopa ni deni. Muulize mwenyewe ni lipi kati ya hayo, kisha uandike. Nashuku hukuliandika kwa sababu yeye ndiye asiyekupigia simu kukudai.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Watu husema dawa ya deni kulipa, na ni kweli, ila hawasemi aanze kulipwa nani. Wewe umekuwa ukimlipa anayepiga kelele. Wiki hii mkopo wa simu huu, wiki ijayo ule, na ukiishiwa unachukua kwenye programu ya tatu ukazibe ya kwanza. Chukua mkopo wa 10,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada ni 750, unaiona ndogo. Uzungushe hivyo mwaka mzima: umetoa 9,000 na ile 10,000 bado unadaiwa. Wakati huo wote, yule kijana wa mizigo hajapata mshahara wake, kwa sababu akikuona barabarani anakuamkia kwa adabu na kupita.

Kelele zenyewe nimezisikia. Juzi baada ya Isha alinipigia kijana mmoja, sauti ya kukariri: "Mama, unamfahamu fulani?" Nikamwambia ni mwanangu. "Basi mwambie alipe kabla ya saa nne usiku, la sivyo tutawajulisha watu wake wote." Nikamuuliza jina lake, jina la kampuni yake na namba ya leseni yao. Akakata. Ujue kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu walio kwenye simu yako, kutisha na kutukana, na ni lazima wawe na leseni. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kamishna wake hupokea malalamiko. Kwa hiyo usitetemeke. Piga picha salio la kila mkopo, waandikie kwamba utalipa na utaanza lini, kisha zifute hizo programu zote. Pesa zao ni halali yao na watazipata, lakini watasubiri zamu.

Zamu yenyewe ninaiona hivi. Mshahara wako wa hiyo stoo ya watu ulikoajiriwa sasa ni 28,000. Ukitoa makato, kodi, unga, mafuta ya taa na nauli, mimi naona 8,000 za madeni zinapatikana, mkeo akikubali, maana yeye ndiye anayejua sufuria inahitaji nini. Kabla ya hizo 8,000, weka 500 kila wiki mahali ambapo huwezi kuzifikia kwa kubonyeza simu. Mpe dadako. Najua utasema mtu anayedaiwa hana haki ya kuweka akiba. Ana haki. Mtoto akishikwa na homa usiku na huna shilingi, utarudi kwenye simu ile ile, na kazi yote itakuwa bure.

Wa kwanza kulipwa ni kijana wa mizigo na mama wa mahamri. Ni 25,000, miezi mitatu na kidogo. Benki ikikosa pesa zako itaandika vitabuni kuwa ni hasara na kesho asubuhi itafungua milango. Mama wa mahamri akikosa 7,000 hanunui unga. Nenda mwenyewe ukamwambie, usimtume mtu.

Wa pili ni Sacco, na si kwa sababu mimi ni mtu wa Sacco. Mkopo ule una wadhamini wawili. Ukikwama, akiba zao ndizo zinazokatwa, na mmoja ni mwalimu ambaye amebakisha muda mfupi astaafu. Hukukopa kwa dhamana yako, ulikopa kwa usingizi wa watu hao. Nenda ofisini na barua, uombe mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Kamati hupokea maombi kama hayo. Mwanachama anayekuja mwenyewe na karatasi mkononi tulimsikiliza, na anayezima simu tulimwita mdhamini wake.

Umeniuliza pia kuhusu ushauri wa rafiki yako wakili, kwamba uende Mahakama Kuu utangazwe muflisi. Sitakuambia ni aibu. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliwekwa makusudi ili mtu asife na madeni: ukitangazwa, unaachiliwa baada ya miaka 3, na huwa unaachiwa vifaa vya kazi yako na vyombo vya lazima vya nyumbani. Ipo hata njia ya wasio na mali kabisa, kwa madeni ya kati ya 100,000 na 4,000,000, na hiyo huisha kwa miezi 12. Kwa kiasi cha madeni yako unaingia. Lakini muulize wakili swali moja: deni likifutwa kwangu, wadhamini wangu nao wamefutiwa? Hawafutiwi. Utatoka mahakamani mweupe, na mwalimu wa watu atabaki analipa. Kama ungekuwa na deni la benki peke yake ningekusindikiza mwenyewe.

Benki waache mwisho, ila usiwanyamazie. Waombe kwa maandishi taarifa kamili ya akaunti: pikapu iliuzwa bei gani, dalali alichukua ngapi, riba imeongezwa vipi. Na dalali alikuachia karatasi yenye siku 7 za kukomboa kabla ya kuichukua? Hukuniambia. Kisha soma kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Mkopo ukishahesabiwa umekwama, riba watakayokudai haiwezi kuzidi pesa ya mkopo wenyewe, bila riba, uliyokuwa ukidaiwa siku ulipokwama. Gharama za kudai ni kando. Maana yake deni lina dari, haliendi likipanda mpaka mbinguni kama unavyoota usiku. Ukijua dari iko wapi, unaweza kukaa mezani ukasema, nitatoa kiasi hiki kila mwezi, na wakati mwingine mtu akiwa na fungu mkononi hukubaliwa apunguziwe.

Kuhusu CRB, wale wanaoweka kumbukumbu za wakopaji, naona ndiyo inayokunyima raha kuliko vyote, na mimi naona ni ndogo kuliko vyote. Habari ya mkopo uliokwama hukaa huko miaka 5 hata baada ya kulipa, ingawa itaonyesha umelipa. Ripoti yako una haki ya kupewa bure mara moja kwa mwaka. Ichukue, uangalie kama kuna deni ulilokwisha kulipa na bado limeandikwa, ulikatae kwa maandishi. Baada ya hapo isahau. Kuandikwa huko kunaweza kumzuia mtu kukopa, na wewe hukopi.

Sasa lile linaloniuma. Wewe hukukosa wateja, mwanangu. Duka lilikuwa linajaa. Ulikufa kwa yule kontrakta aliyechukua nondo, mabati na simiti za 310,000 akisema akilipwa na serikali naye atakulipa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, ni ya deni, na inachoagiza ni kuandika na kuweka mashahidi. Umeniambia risiti za kupokea mzigo zipo na alizitia sahihi. Basi ipo Mahakama ya Madai Madogo hapo Mombasa, ya madai yasiyozidi 1,000,000, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Kwanza mpe barua ya kumdai, na siku zake za kujibu. Akitoa hizo 310,000, Sacco imekwisha na chenji inabaki. Usimwonee haya eti mliswali safu moja. Aya ya 280 inasema mwenye shida angojewe mpaka apate wasaa, na mimi naiamini, ila mtu aliyenunua Prado mwaka jana sijui kama ndiye aliyekusudiwa.

Aya hiyo ya 280 inakuhusu wewe zaidi kuliko yeye. Ndiyo unayoweza kwenda nayo kwa mwenye simiti, ambaye ni mzee wa watu na aliwahi kumkopesha babako. Kaa naye, umweleze, umwombe akungojee. Na msikitini pia usijifiche. Nimesikia hata Ijumaa umehama msikiti. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa wale wanane wanaopewa zaka, katika Tawba aya ya 60. Sisemi uende ukaombe kesho. Nasema waliotajwa mle hawakuambiwa wajifiche.

Baada ya hapo utaishije? Kwa taslimu, na polepole mpaka watu wakucheke. Ukitaka kurudi kwenye biashara, anza na mifuko ya simiti unayoweza kuilipia siku hiyo hiyo, uuze kwa anayelipa siku hiyo hiyo. Atakayekuja na maneno ya "andika, mwisho wa mwezi" mwambie mamako amekukataza. Litumie jina langu, mimi halinichoshi. Harusi za watu michango utoe ya kadiri yako, hata kama ni mia mbili. Aliyekualika kwa ajili ya bahasha hakukualika wewe. Na huo mkopo wa pikipiki wa kulipa kila siku uliosema umeuona umebandikwa stendi, usinitajie tena.

Mimi nitakusaidia hivi: watoto wakae kwangu mpaka mwisho wa mwaka, wasome hapa Tiwi, chakula chao ni juu yangu. Nazi zikiangushwa, fungu lako la urithi utapata kila msimu kama nduguzo, wala si zaidi yao.

Jumamosi njoo na mkeo, na risiti zote za kontrakta, na barua ya Sacco, na hiyo orodha ikiwa na mstari wa dhahabu. Nauli nimempa dadako akuletee mkononi. Nikikutumia kwenye laini yako Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, itajilipa kwanza, kwa masharti uliyoyakubali mwenyewe, na utabaki upande wa pili wa feri ukinipigia niitume tena.

Mamako