Mangi, kabla hujaigeuza hiyo fremu

Mangi mambo vipi, mama anaendeleaje, mpe shikamoo yangu na mwambie ile mbege aliyoniahidi sijaisahau.

Samahani nimekaa kimya wiki 2, voisi zako zote nimesikiliza hata ile ya dakika kumi na moja uliyorekodi ukiwa juu ya bodaboda, upepo mtupu lakini nimekuelewa, unataka utoe picha za watalii kwenye fremu yako ya duka hapo mjini ugeuze iwe galari ya watu wa mtaa, watoto waje kuchora jumamosi, wenzako waning'inize kazi bila kulipa. Halafu unaniuliza mi wa Nairobi eti ukyureta, yaani kutunza na kuonyesha kazi za wasanii wengine, unalipa?

Haulipi. Ila ngoja nikupe stori ya mzee wa kwenu kabisa maana naona hata humjui, na ni aibu.

Elimo Njau, mchoraji, kazaliwa hapo hapo Marangu 1932. Akaenda Makerere kusomea sanaa, na akiwa bado kijana wa ishirini na kitu akapewa ukuta wa kanisa kuu la Anglikana Murang'a, enzi hizo mkoloni anapaita Fort Hall, kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa kipindi cha vita vya Mau Mau. Akachora picha 5 kubwa, Yesu toka anazaliwa mpaka msalabani, na wote mle ni Waafrika na vilima ni vya Ugikuyu. Miaka ya hamsini hiyo bana, vidonda bado vibichi! Nilipanda matatu nikaenda kuziona mwaka jana, nimekaa kwenye benchi nimeduwaa na kuna mama anafagia chini ya picha wala haangalii juu, mwanzo niliona kama dharau, baadae nikasema hapana, huyu ameshazizoea kama majirani zake.

Sasa mtu mwenye mkono kama ule si angejifungia achore tu mpaka kesho? Yeye akaanza kuhangaika na kazi za wengine. Akafungua Kibo Art Gallery huko huko Marangu, Nairobi akashughulika na maonyesho galari ya Sorsbie, na 1965 yeye na Rebeka Njau aliyekuwa mke wake na kina Jonathan Kariara mshairi na Hilary Ng'weno mwanahabari wakaanzisha galari ya Paa ya Paa. Waandishi na wachoraji pamoja, yaani hawakutenganisha. Jina maana yake paa, yule mnyama, anapaa. Najua wewe utaniambia paa ni la nyumba, na bibi yangu wa Tanga angekwambia kupaa ni kutoa magamba ya samaki, na kusema kweli ukikaa na wasanii vyote vitatu vinaingia, maana unawafunika, unawaparua, ndo mwisho wanaruka.

Baadae galari ikahamia Ridgeways nje kidogo ya mji kwenye kiwanja chenye miti. Neno lake kubwa mzee ni usiige, anasema kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Hapo nilikufikiria wewe na wale tembo wako watano kwa siku wenye Kilimanjaro nyuma, usininunie, mi mwenyewe nilishauza twiga mpaka nikawa naota twiga. Ila sikubaliani na mzee asilimia mia, kodi ya fremu haijui kama umeiga au umebuni. Bakiza ukuta mmoja wa tembo walipe kodi, zilizobaki wape watu.

Kinachoniuma zaidi kwenye stori hii ni 1997. Moto ukaingia Paa ya Paa, picha na vitabu vikaungua, kazi za miaka zaidi ya thelathini na nyingi si zake, ni za watu walizomwachia. Yeye na mkewe wa baadae, Phillda, wakaanza upya kwenye hicho hicho kiwanja. Kwaiyo ukisema kyureta ujue ndo hiyo, unalala na mali za watu ndani. Ukiwaza ni kupigilia misumari na kuandika vikadi umepotea. Kila kazi ikiingia piga picha mbele na nyuma, andika ni ya nani na bei gani, msaini wote wawili, nakala ikae kwa mama siyo hapo hapo fremuni. Na weka mtungi wa kuzimia moto kabla hujaweka taa za kumulika picha, sikutanii.

Kingine nikwambie ukweli, utachora kidogo. Mzee watu wanamjua kwa zile za Murang'a alizochora akiwa kijana na kwa kile kiwanja, basi. Mi sioni kama ni hasara, naona alichagua, lakini wewe hasira zako zote zinaishia kwenye brashi, ukikaa miezi 3 hujachora nani atakuvumilia humo ndani? Ongea kwanza na shemeji.

Jumapili ukipata nafasi panda daladala nenda Marangu, waulize wazee Kibo Art Gallery ilikuwa wapi na kuna nini saivi. Nitumie picha, hata kama ni migomba tu.

Ni mimi wako wa twiga.