Breki mpya hazijaiua Land Rover yangu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika safu yako hoja ya msomaji mmoja kwamba mwenye gari la kale akibadilisha hata nati moja amelipotezea thamani, nami, nikiwa na Land Rover ya mwaka 1969 hapa Mwanza, naomba nafasi ya kutofautiana naye.

Mwaka juzi, nikishuka kilima cha Bugando mvua ikinyesha, bomba la breki lilipasuka. Silinda kuu ya gari hili, yaani ile inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, ilikuwa na njia moja tu ya mafuta hayo, kwa hiyo bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Pedali ilizama hadi sakafuni, na mbele yangu kijana alikuwa akisukuma mkokoteni wa mananasi. Tuliokolewa na gia ya pili na mtaro. Wiki hiyo hiyo nilifunga silinda kuu yenye njia mbili, na ile ya zamani nikaizungushia gazeti (si lako, usihofu) na kuihifadhi kwenye debe, ili fundi yeyote aweze kuirudisha kwa nusu siku bila kukata wala kuchomelea kitu.

Mpaka wangu ni huo. Wapo wanaokata chesisi, yaani fremu ya gari, ili injini ya dizeli ya Toyota ienee, na kwa hao namuunga mkono msomaji huyo, maana kilichokatwa hakirudi. Hata hivyo, injini yangu ya asili, ya petroli yenye CC 2,286, nayo haikuweza kubaki bila kuguswa: iliundwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda viti vya valvu (pale valvu zinapokalia zikifunga), na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006, hivyo nililazimika kuweka viti vigumu zaidi. Meli ya MV Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, ilirudi ziwani mwaka 2020 ikiwa na injini mpya, na sijamsikia abiria wa Bukoba akidai kuwa ile si meli yake.

Uasilia ninaoulinda uko mlangoni, ambako chini ya rangi ya kijani bado yanasomeka maandishi yaliyofifia ya chama cha ushirika kilichokuwa kikilitumia gari hili msimu wa pamba. Fundi rangi ameniomba mara tatu ayafute ili gari ling'ae, na mara zote nimemkatalia.

Wako,
Dereva mstaafu,
Nyakato, Mwanza