Wagonjwa wa sukari na presha nao wapewe dawa za miezi mitatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wagonjwa wa sukari na presha wa vijijini huku kwetu Dodoma.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi kijijini wilayani Chamwino, na magonjwa yote mawili anayo. Kila mwezi lazima aende kliniki mjini. Bodaboda hadi barabara ya lami 4,000, basi 3,000, na kurudi vivyo hivyo. Nauli peke yake ni 14,000, na vidonge vya mwezi mzima havifiki hata nusu ya hiyo. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema wagonjwa wetu ni wakaidi, hawafuati masharti, moyo unaniuma.

Mwezi wa pili nilimkuta barazani ana wembe mkononi, anakata vidonge vya presha nusu kwa nusu juu ya ungo, vipande vikiruka anaviokota kimoja kimoja. "Nikimeza kizima kila siku, mwanangu, havitanifikisha." Huo ni wakati akiba ya mtama imekwisha na shamba bado bichi. Jioni ikiwa hakuna chakula, glibenklamidi, dawa yake ya sukari, haimezi kabisa, maana akiimeza na tumbo tupu sukari inashuka, anatetemeka na kulowa jasho. Hapo siwezi kumlaumu.

Siku ya kliniki daktari anampima, presha iko juu. "Bibi, dawa unameza vizuri?" "Nameza, mwanangu." Anaona aibu kusema amekosa hela. Daktari naye, kwa nia njema kabisa, anamwongezea dawa nyingine. Tunarudi nyumbani na gharama kubwa kuliko tuliyokwenda nayo, na vya kukata vimeongezeka. Usiku, kwa ajili ya sukari, nyayo zinamwaka moto, hapati usingizi. Kwaya aliyoiimbia tangu ujana ameiacha, kwa kuwa hawezi kukaa ibada nzima bila kutoka kwenda chooni.

Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, tunayo, tuliilipia 30,000 ya mwaka kwa kaya ya watu sita, na tunaishukuru. Lakini kadi hailipi bodaboda, na mara nyingi dirishani tunaambiwa dawa haipo, tukanunue nje.

Wenzetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hali zao zikishatulia, hupewa za miezi mitatu, wengine hata sita, tena bure. Kwa hiyo utaratibu upo na watumishi wanaujua. Naomba Wizara ya Afya iwape mpango huohuo watu wa sukari na presha ambao vipimo vyao vimetulia. Mashine ya kupima presha na vipimo vya sukari visikosekane zahanati, ili safari ya mjini ibaki kwa aliyezidiwa. Na daktari, kabla ya kuongeza dozi, amuulize mgonjwa kwa upole: zile za mwezi uliopita ulizipata zote?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, hapa hapa Dodoma. Wanaoitekeleza wasiishie kwenye kadi. Waangalie pia kama dawa imemfikia mtu kijijini kwake.

Kliniki ya mama ni Jumanne ijayo. Nauli ya kwenda tumeipata, ya kurudi bado tunaitafuta.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma