Dawa ya deni ni kulipa: salamu za Krismasi kutoka Mbale

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Nawasalimu nyote: wa ibada ya Kiswahili na wa ibada ya Lumasaba, wafanyabiashara wenzangu wa Mbale hapa mashariki mwa Uganda, wakulima wa kule juu Mlima Elgon, madereva wa malori mnaovuka mpaka wa Kenya pale Malaba na Busia hata siku hizi za sikukuu, na majirani zetu Waislamu ambao Idi walitujazia sahani za pilau. Krismasi njema kwenu, na Mungu awafikishe salama walio njiani kurudi nyumbani.

Desemba hapa kwetu haina usingizi. Nauli zimepanda, na mabasi ya kutoka Kampala yanaingia yamebeba watu, magodoro na majogoo. Vikundi vya nyama vilivyochanga pesa tangu mwanzo wa mwaka vinazunguka minadani kutafuta ng'ombe. Akina mama wanasaga karanga za kuungia malewa, yale machipukizi ya mianzi. Mafundi cherehani wanakesha. Juu ya hayo yote kuna kahawa, maana msimu wa mlimani haungoji sikukuu ipite. Mbale inaitwa jiji tangu Julai 2020, lakini bado tunaishi kwa kahawa: mkulima akilipwa, duka la nguo linauza, fundi anapata kazi, na kapu la sadaka linajaa.

Mimi nanunua kahawa, nauza mabati na saruji, na kanisani nimekabidhiwa uzee wa kanisa. Mwaka huu nina neno moja, na nawaambia hasa wenzangu wenye biashara tunaokalishwa viti vya mbele. Tulipane kabla ya kutoa.

Mnajua Desemba ilivyo. Barua za michango zinafika dukani karibu kila siku: paa la kanisa, nyumba ya kasisi, vyombo vya kwaya. Halafu Jumapili mshereheshaji anashika kipaza sauti na kusoma majina, fulani mifuko kumi ya saruji, fulani mabati, na watu wanapiga makofi. Sina ubaya na hilo. Makanisa mengi ya vijijini huku yameezekwa hivyo hivyo, bati kwa bati, na waliotoa walitoa kwa moyo. Lakini kama kibarua aliyepakua yale mabati anadai ujira wake tangu Novemba, basi bati nililotoa ni lake. Makofi nimepigiwa mimi kwa mali ya mtu mwingine. Torati iliagiza ujira wa kibarua usilale kwa tajiri hadi asubuhi, na haikuacha nafasi ya kusema tusubiri mwaka mpya uanze.

Fikirini mama anayeshuka na kahawa yake kutoka Bududa kule mlimani. Ameichuma ikiwa nyekundu, ameimenya kwa mashine ya mkono, ameilaza ichachuke, ameiosha, ameianika juu ya turubai na kuikimbiza ndani kila wingu lilipotanda. Akifika stoo, mnunuzi anachota kiganja, anabana punje kwa meno au anaitia kwenye kipima unyevu. Ikionekana bado mbichi, bei inashuka. Kisha gunia linatundikwa kwenye mizani. Wakati huo mama haniangalii mimi wala haangalii kahawa. Macho yake yako kwenye mshale. Uzito wa gunia lile anaujua, alishaupima kwa shingo yake tangu shambani hadi barabarani alikopata boda. Baada ya yote hayo anakabidhiwa kikaratasi chenye kilo na anaambiwa, "Mama, rudi Jumatatu." Kikaratasi hakinunui gauni la mtoto.

Najua sababu, kwa kuwa nimo ndani ya biashara hii. Bei ya arabika, kahawa yetu ya mlimani, inaamuliwa huko New York, wauza nje wako Kampala, na mara nyingi sisi wa kati tunangoja hela zao kabla ya kushika zetu. Basi kama pesa haipo, mama aambiwe kabla gunia halijapanda mizani. Aamue mwenyewe kuacha au kwenda kwa mwingine. Kumwambia baada ya kupima ni kumfunga mikono.

Wazee wetu hapa nyumbani wanakumbuka yanayotokea mkulima asipolipwa vizuri. Baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ikapaa duniani kote, lakini mkulima wa Uganda chini ya utawala wa Amin hakuona faida yake. Ndipo watu wakabeba kahawa usiku kwa vichwa na kwa punda, wakavuka hadi Chepkube, upande wa Kenya. Magendo yale yalikuwa na hatari kubwa, na wapo waliopoteza maisha. Walikwenda kwa sababu ng'ambo bei ilikuwa nzuri na malipo yalikuwa mkononi. Hata waliounda Chama cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954 walikuwa wanatafuta jambo hilo hilo, mkulima awe na kauli juu ya jasho lake.

Luka anapotusimulia kuzaliwa kwa Bwana anaanza na amri ya Kaisari ya kuandikisha watu, na Yusufu, fundi wa mbao, anaacha karakana yake anasafiri na mke mjamzito. Waliopewa habari kwanza ni watu wa zamu ya usiku, wachungaji walio kazini. Mwaka huu nikisoma pale nawaona askari wetu wanaolinda maduka kwa rungu na koti zito wakati sisi tuko mkeshani tunaimba. Mwajiri wa askari, ulishamlipa?

Katika sadaka zote napenda zaidi mnada wa baada ya ibada. Mama mjane analeta jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Jogoo anauzwa kwa bei ya mbuzi, aliyemnunua anamrudisha, anauzwa tena, na mama anashangilia kila bei inapotajwa. Asiye na pesa na mwenye nazo wanatoa kwa jogoo mmoja. Njooni tarehe 25, ila tujenge mnada huo kwa pesa tusizodaiwa.

Zipo nyumba ambazo Krismasi itakuwa ngumu. Mafuriko ya mito Nabuyonga na Namatala ya Julai 2022 bado yanaliliwa hapa mjini. Wilayani Bulambuli walizikwa watu na maporomoko ya udongo mwishoni mwa Novemba 2024, na kwa familia zile kila Desemba inaingia na kumbukumbu hiyo. Tuwatembelee, tusiishie kuwataja katika maombi. Ukipika, peleka sahani.

Kwangu mimi, wafanyakazi wa duka na wa stoo wanalipwa wote kabla ya mkesha. Mwenye kikaratasi cha kilo chenye mhuri wangu aje nacho. Stoo iko wazi hadi tarehe 24 saa sita mchana. Na nyinyi mnaodaiwa dukani mkiwa na watoto wa shule, lipeni karo kwanza. Tutaongea watoto wakisharudi darasani.

Ibada ya Krismasi ni saa tatu asubuhi, na mnada utafuata chini ya mwembe. Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya.