Chura wa Kihansi asichekwe

Ndugu Mhariri,

Nafundisha biolojia sekondari hapa Morogoro. Wiki iliyopita nilibandika ubaoni picha mbili: chura wa Kihansi, na nyangumi aliyekutwa amekufa pwani ya Otago, New Zealand, Julai 2024. Nikauliza yupi adimu zaidi. Kidato cha tatu kizima kikajibu nyangumi.

Siwalaumu. Tangu taya la kwanza la aina yake lilipookotwa kisiwa cha Pitt, New Zealand, mwaka 1872, aina hiyo ya nyangumi wa mdomo mrefu inajulikana kwa mabaki ya wanyama saba tu. Hakuna aliyethibitisha kumwona akiwa hai baharini. Yule wa Otago, dume la mita 5, alipopasuliwa alikutwa na tumbo lenye vyumba tisa! Lakini hatujui wako wangapi. Huenda wamejaa tele huko kwenye kina cha Pasifiki Kusini.

Chura wetu hana pa kujificha. Alitambuliwa mwaka 1996, bwawa la umeme likijengwa, na makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Kihansi. Hatagi mayai, huzaa vichura vilivyokamilika, vidogo mno. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, ila mwaka 2003 chura wakapukutika, na ugonjwa wa fangasi ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Kilichomwokoa ni chura 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 wakazaana huko. Uzao wao ulirejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na korongoni Kihansi mwaka 2012.

Nikisimulia haya kwa watu wazima, wanacheka: chura kapanda ndege! Mimi huniuma. Wamezoea kusema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na huyu wa Kihansi hata kelele hana za kusikika kando ya maporomoko. Nyangumi yule hatuwezi kumfanyia lolote zaidi ya kusubiri bahari imtupe tena ufukweni. Chura anangoja mtu afungue bomba leo, na kesho, na keshokutwa.

Naomba gazeti lako lichapishe picha yake kwa ukubwa wake halisi. Jike halifiki sentimita 3, kwa hiyo hata kwenye kona ya ukurasa huu wa barua ataenea.

Mwalimu wa biolojia,
Morogoro