Milioni tatu za Baba Mdogo tuziandike wapi?

Glasgow, Jumapili, 16 Februari 2025

Mama,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima. Kile kikohozi cha Januari kimekwisha, na jua limeanza kurudi: Desemba lilikuwa linazama saa kumi kasorobo, sasa linasubiri hadi saa kumi na moja na zaidi. Ramadhani ikiingia huku tutafunga siku fupi. Ninyi mtakaofunga kwenye joto la Muheza, poleni mapema.

Najua utauliza barua ya nini wakati simu ipo. Kundi letu la WhatsApp lina watu kumi na tisa, na sauti nikikutumia wewe peke yako, mjukuu wako anaiwekea spika hadi barazani. Kwa hiyo nimempa mwenzangu wa Korogwe anayerudi wiki hii. Isome wewe kwanza, halafu Kaka. Wengine nitakwambia mbele.

Alhamisi Baba Mdogo alinipigia, huku ikiwa saa kumi na moja alfajiri. Anataka milioni moja na nusu, ya kutanguliza pikipiki ya bodaboda ya mwanawe. Nilipomwambia sina, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, sisi ndio tuliokusomesha." Angenigombeza ningejua la kujibu. Lakini alisema kweli, na kweli hiyo imenikaa kooni tangu siku ile.

Unakumbuka Julai tulivyohangaika. Ufadhili wa masomo yangu ya uzamili unalipa ada tu. Ili nipate viza ilibidi nionyeshe pauni 9,207, yaani pauni 1,023 za kuishi kwa kila mwezi, miezi tisa, na zikae benki siku 28 bila kushuka. Zile siku 28 tulizihesabu kama mtu aliye edani. Kwa shilingi ilikuwa kama milioni 31. Mimi nilitoa 15, akiba yangu pamoja na mkopo wa SACCOS ya kazini. Kaka alitoa sita. Baba Mdogo tatu. Wewe ulitoa saba, na ili uzipate uliuza machungwa ya misimu miwili yangali maua, kwa bei ya tajiri anayejua kwamba muuzaji ana haraka. Hayo yote uliyaandika kwenye lile daftari lako la jalada jekundu. Ninachotaka kujua, Mama, ni hiki: uliyaandika upande gani?

Usidhani nimechanganyikiwa na baridi. Muhula huu ndilo jambo tunalosoma, na limenipata pabaya. Nilipokuwa nikisomea CPA, kile cheti cha uhasibu, pale Tanga nilikariri kwamba mizania ina mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili, nikafaulu mtihani, basi. Huku mwalimu anakupa karatasi ya makubaliano yaliyoandikwa kwa ujanja, anakuuliza: pesa hizi ni deni au ni mtaji? Hataki uangalie jina lililoandikwa juu. Anataka uangalie kama aliyepokea analazimika kulipa, hata akikataa, hata akiwa na mwaka mbaya. Kama analazimika, ni deni. Kama halazimiki, ni mtaji, na mwenye mtaji anangoja: wadai wote walipwe, kisha kitakachobaki ndicho chake. Kikibaki kingi, kingi chake. Kisipobaki kitu, hana wa kumdai.

Mji huu wenyewe una kisa chake. Oktoba 1878 ilianguka benki iliyoitwa City of Glasgow Bank. Wakubwa wake walikuwa wamepika hesabu kwa miaka, mikopo mibovu wanaificha, dhahabu iliyomo wanaiongeza kwa kalamu. Wenye amana walilipwa pesa zao. Waliolia ni wenye hisa, kwa sababu enzi hizo dhima yao haikuwa na mpaka. Mwenye hisa ya pauni 100 alitakiwa alete pauni 500, kisha akatakiwa alete nyingine 2,250. Walikuwa watu 1,819, na waliobaki bila kufilisika walikuwa 254 tu. Wakubwa saba walifungwa, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria iliyozipa benki njia ya kuwekea dhima ya wenye hisa mpaka, kwa sharti kwamba zikaguliwe kila mwaka. Kazi niliyoifanya miaka sita, ya kuzunguka na faili za watu nikitafuta risiti zilizopotea, inadaiwa mno na balaa lile. Wahasibu wa huku walikuwa wameshajiunga zamani, wale wa Edinburgh walipata hati ya Malkia mwaka 1854, lakini hakuna kinachompa mkaguzi kazi kama benki iliyoanguka.

Sasa nirudi kwa Baba Mdogo. Tatizo letu nyumbani ni kwamba pesa hizi zinaitwa msaada siku ya kutoa, na siku ya kuomba zinageuka hisa zisizokufa. Angekuwa mdai, ningemlipa milioni tatu zake tukamalizana. Akiwa mwenye hisa atakula gawio mpaka nizeeke, na mwanawe atarithi hisa. Lakini mwenye hisa hupata hasara pia, na sijamsikia akiuliza hasara ya mwaka huu ni kiasi gani.

Ni hii. Sheria inaniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nasafisha ofisi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na hata aliponipigia nilikuwa nafunga kamba za viatu. Kila saa ni pauni 11.44. Amelisikia hilo kwa Kaka na amelizidisha kwa shilingi, akapata kama elfu 37 kwa saa, akaona mwenzake amekuwa tajiri. Chumba hajakizidisha. Kwa wiki nne napata kama pauni 915. Chumba ni 580, nacho ni chumba tu, jiko na choo tunagawana watu wanne. Ile akiba ya viza ndiyo inayoniziba pengo, na inapungua kila mwezi kama pipa lililotoboka chini. Juu ya hapo SACCOS wanakata kwenye akaunti yangu ya Tanga kila tarehe 25. Masomo yanakwisha Septemba: alama 180 za masomo (huku wanaziita credits) kwa mwaka mmoja, 60 kati yake ni tasnifu, ambayo nitaiandika kuanzia Juni.

Tasnifu yenyewe ni habari ya michungwa yako. Usicheke. Kuna kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kilimo, namba 41, kinachotaka ng'ombe na mazao yaliyo mtini yahesabiwe kwa bei ya soko ya siku ile. Zamani hata mti uliokomaa ulihesabiwa hivyo, kana kwamba kuna mtu atakuja kununua mchungwa umesimama na kuondoka nao. Wenye mashamba ya michikichi Malaysia walilalamika sana, na tangu Januari 2016 mti wa kuzaa matunda unahesabiwa kama mashine: gharama ya kuupanda, ukitoa uchakavu wa kila mwaka. Chungwa peke yake ndilo limebaki kwenye bei ya soko. Mwalimu alipouliza nani amewahi kuona shamba la matunda, darasa zima la watu 60 lilikuwa kimya, nikanyoosha mkono. Nikawaeleza tajiri anavyokuja na fuso wakati wa maua, anahesabu miti kwa macho, analipa, anaondoka, na machungwa yenyewe hayajakuwako. Mchina mmoja akauliza: mvua ikipukutisha maua, hasara ya nani? Nikasema inategemea tajiri ni nani na Mama ameamkaje. Walicheka, lakini mwalimu alisema hapo ndipo penye tasnifu, kwa sababu pesa uliyopokea kabla ya kutoa tunda ni deni mpaka tunda litoke.

Nikakaa nikaipigia hesabu michungwa ile. Aliipanda Babu, gharama yake ilikuwa jembe na mgongo wake, na uchakavu umeshaila yote. Kwa vitabu thamani yake ni sifuri. Milioni saba zilitoka kwenye sifuri hiyo.

Basi naomba uandike hivi. Fungua ukurasa mpya. Baba Mdogo, milioni tatu: deni, bila riba, kulipwa kwa awamu kuanzia Januari 2026, laki mbili na nusu kila mwezi, miezi kumi na miwili. Kaka, milioni sita: deni pia, lakini ameniambia atasubiri mpaka nimalize ya Baba Mdogo, na nimemwamini. SACCOS wanajilipa wenyewe. Wewe, Mama, nimekuandika mtaji. Usikasirike. Maana yake wewe ni wa mwisho kabisa kulipwa, nyuma ya watu wote, na kilichobaki chote ni chako. Nimejaribu kukuandika mdai nikashindwa, kwa sababu ningepaswa kuandika na kiasi. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kukaa darasani haruhusiwi kuja na mtoto, kwa hiyo mwanangu unaye wewe, unamwogesha, unampeleka madrasa, usiku unaamka naye. Nimepekua viwango vyote tulivyosomeshwa. Kazi isiyo na risiti haina pa kuandikwa.

Pikipiki mwambie Baba Mdogo sina kwa sasa, na mwambie kwa ulimi wako, si kwa kundi. Akiuliza zile tatu, mwonyeshe ukurasa ule uso kwa uso, mpe soda kwanza. Nadhani atanuna wiki moja. Akisema hataki kulipwa, kwamba ulikuwa msaada, mpe kalamu aandike mwenyewe "msaada" na atie sahihi, na Kaka awepo.

Halafu mwekee mwanangu mguu juu ya karatasi, umchoree kwa kalamu kuuzunguka, mguu wa kulia ambao ni mkubwa kidogo, unipigie picha. Namba za viatu vya huku si kama za Tanga. Nimeona vyeusi vya shule vimeshushwa bei, lakini mwisho wa punguzo ni Jumamosi ya tarehe mosi, kwa hiyo ukipata barua hii fanya siku hiyohiyo.

Binti yako