Visu vyako bado viko kwangu

Lubumbashi, Katuba, tarehe 9 mwezi wa 3

Mukwetu Baba Riziki,

Jambo sana. Sisi tuko, mvua inatupiga, watoto wazima. Mama watoto anakusalimia na anauliza ile mikebuka mikavu, wale samaki uliomwahidi, imekwama wapi. Mzee Kalala alitoka hospitali, ameanza tena kugombana na redio yake. Basi, salamu zimetosha.

Najua unanihesabia siku. Ulituma dola 40 za kukununulia visu kabla ya Noeli, nikakuambia "wiki moja tu", na sasa tuko mwezi wa tatu. Sijala pesa zako. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeanza kelele kabla sijafika katikati, na maneno yenyewe ni marefu.

Visu nilinunua. Ishirini, dola mbili kila kimoja, kwa bwana mmoja pale soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, anayeleta mali toka Kasumbalesa mpakani. Vilikuwa vizuri kutazama, we! Mpini unang'aa kama pembe, mgongoni kuna nyuki mdogo, na kwenye bapa wameandika Laguiole. Nikasema hii ni Ufaransa moja kwa moja. Nikavifunga kwenye gazeti, nikatembea kama mtu aliyeokota.

Jioni ile ile Trésor akaniomba kimoja akate muwa. Unamjua Trésor, hana subira. Akakandamiza, kisu kikajikunja chenyewe, kikamuuma kidole hadi mfupa ukataka kuchungulia. Damu kwenye saruji, mama watoto ananitukana mimi, si kisu. Na yule kijana, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, bado akapata nguvu ya kunifundisha: "Mjomba, Laguiole ni kijiji. Jina hilo na huyo nyuki, hata China wanavichora." Nikamuuliza, sasa kwa nini mtu wa China aandike jina la kijiji cha Wafaransa? Akanijibu: "Kwa sababu umenunua."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikavimwaga vyote mezani, nikakaa navyo kama daktari. Na hapa ndipo nilipoona jambo la ajabu, ndugu yangu: vyote ni katoni moja, nyuki mmoja, jina moja, lakini si visu vya aina moja hata kidogo. Kumi na kimoja ni vizuri kabisa. Tisa ni takataka. Kwa hiyo usiniambie "vya China vibaya". Mbaya alikuwa mimi niliyenunua kwa kusoma maandishi.

Sikiliza vizuri, maana na wewe utauza, wavuvi watakuuliza. Kisu cha namna hii hakina kufuli. Kinachokishika wazi ni resori (springi) ya mgongoni peke yake, inayobana kisigino cha bapa. Resori ikiwa legevu, ndiyo kidole cha Trésor. Kwa hiyo unafungua polepole, unasikia inakaza, kisha mwishoni lazima kilie: ta! Na ukikunja, ta! tena. Kile cha Trésor kilikuwa kinafunguka kimya kama mlango wa mwizi. Halafu ukishakifungua, shika ncha kwa vidole viwili, sukuma kushoto na kulia. Kikicheza leo dukani, baada ya mwezi mmoja wa kupasua samaki kitakuwa kinacheza rumba. Kisha kiinue kwenye jua, tazama mgongoni kati ya resori na vile vibati vya shaba vya pembeni. Ukiona mwanga unapita, ujue magamba na utumbo wa samaki vitapita pia, na havitatoka.

Kuna moja nilichelewa kuigundua. Vitatu vilikuwa na pengo dogo kwenye makali, mahali pale pale. Nikadhani ni watoto. Kumbe ukikiachia kijifunge kwa nguvu, makali yanagonga resori kwa ndani. Kila ukifunga unakitia pengo mwenyewe!

Mpini wa pembe? Plastiki. Sindano ya moto ilizama kama kwenye mshumaa. Hiyo nimesamehe, plastiki haiozi.

Kuhusu chuma sasa, tulikesha. Wamegonga namba 440 tu, bila herufi. Trésor anasema kuna A, B na C: ile A ina kaboni asilimia 0.60 hadi 0.75, ile C inafika 0.95 hadi 1.20, na hiyo ndiyo inayokubali kuwa ngumu zaidi. Namba bila herufi ni kama kuniambia mtu anaitwa Ilunga hapa Katanga, Ilunga yupi? Mzee Kalala naye akaja na sumaku aliyoitoa kwenye spika, akaapa kwamba inoksi, kile chuma kisichoshika kutu, haishikwi na sumaku. Ikashika visu vyote ishirini. Akatangaza vyote ni bandia! Trésor akamweleza kwamba inoksi ya sufuria ndiyo haishiki, ya visu inashika, kwa sababu ni aina nyingine ya chuma, ile inayokubali kupikwa iwe ngumu. Mzee hakukubali mpaka leo, na sumaku bado anaizungusha mtaani.

Mimi nilikata limau kwa kila kimoja, nikaviacha bila kupangusa mpaka asubuhi. Kimoja tu kiligeuka cheusi, sijui kiliingiaje kwenye katoni ile. Hicho ni chuma cha zamani, kinanoleka haraka, lakini kinataka mafuta. Mara moja nikamkumbuka marehemu baba yako na Okapi yake, kile kisu cha kukunja, nyeusi kama sufuria ya sombe, na zile nyota na mwezi kwenye mpini. Alivyokuwa akiipaka mawese na kuipangusa kwenye suruali! Na alituapia kwamba imetengenezwa Epulu, huku kwetu Kongo, kwa sababu okapi ni mnyama wetu. Trésor kanivunjia na hilo: Wajerumani ndio walianza kuiuza Afrika mwaka 1902, na tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Sikufurahi kujua.

Basi nikarudisha tisa. Yule bwana akasema pesa zimeshavuka mpaka, nisubiri katoni mpya. Nikasubiri wiki, kisha wiki, ndiyo kuchelewa kwenyewe. Katoni ilipofika nikakaa kwenye kigoda chake, ta, ta, ta, saa nzima, hadi wateja wengine wakaanza nao kusikiliza visu. Alinipa saba vizuri na kunirudishia dola nne ili niondoke tu.

Kwa hiyo una visu kumi na nane. Hizo dola nne... kidole cha Trésor kilihitaji dawa, na mimi nilihitaji bia moja ya Simba. Utanikata kwenye samaki.

Sasa niambie: nitume kwa treni, au kuna mtu wako anayekuja huku karibuni? Wavuvi wako wanadunga nacho au wanakata tu? Kama wanadunga, hiki si chao. Kuna kisu cha Opinel cha Savoie, Ufaransa, chenye pete ya kufunga, lakini kwa dola mbili hukipati. Utavikataa? Kabamba alilipa lile deni, au bado anapita njia ya nyuma? Mguu wa Mama Riziki umepona? Na ile Okapi ya mzee, nani aliichukua baada ya matanga, ni wewe au ni kaka yako wa Moba? Kama iko kwako, jaribu kuifungua jioni hii, uniambie kama bado inalia.

Ni mimi,
Baba Sifa